Halafu Lusia Harris Akafanya Nini?

Jioni moja ya Jumamosi mimi na mpwa wangu tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za saruji pembeni mwa viwanja vya Don Bosco, Upanga. Mazoezi yalikuwa yamekwisha na taa za barabarani zimeanza kuwaka. Alikuwa anafungua kamba za viatu ambavyo si vyake; ni vya kaka yake, na ili visimpwaye huvaa soksi jozi mbili, za shule ndani na za michezo juu yake. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na kwa urefu ameshampita mama yake na kunipita mimi, jambo ambalo hukumbuka kulitaja kila ninapojaribu kumshauri.

Dada yangu ndiye aliyenituma. "Hebu mtulize kidogo," alisema, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi michache, na binti anatoka nyumbani na mpira, anarudi na mpira, na vitabu vinakutwa palepale vilipoachwa. Nami, kwa ukaidi wa wajomba, nilikwenda na kusudi tofauti kabisa. Nilikuwa na hadithi mfukoni. Nilimweleza kwamba mwaka 1977 timu moja ya NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilimchagua mwanamke, kwamba mwanamke huyo aliitwa Lusia Harris, kwamba alilelewa katika mashamba ya pamba huko Mississippi, na kwamba mpaka leo hakuna mwanamke mwingine ambaye uteuzi wake umewahi kutambuliwa rasmi na ligi ile.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu hakwenda."

"Hakwenda?" Aliziachia kamba. "Halafu akafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu ubingwa, nikataja medali ya Olimpiki, nikajisikia ninapayuka. Yeye aliutia mpira katika wavu wake, akautundika begani, kisha akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko kejeli: "Mjomba, hadithi yako imeishia njiani."

Hizo ni wiki sita zilizopita, na neno lile halikuniachia.

## Mtoto mrefu huinama zaidi

Ilinibidi nirudi mwanzo kabisa, kwa sababu niligundua kwamba nilichokuwa ninakijua kuhusu Lusia Harris kilikuwa ni siku moja tu ya maisha yake.

Alizaliwa Februari 10, 1955, Minter City, katika tambarare ya Mississippi inayoitwa Delta, akiwa mmoja wa watoto 11 wa familia ya wakulima. Watoto walivuna pamba. Aliyewahi kuvuna pamba Maswa au Kwimba hahitaji maelezo marefu hapa: pamba yenyewe ni nyepesi mkononi, uzito wake wote uko mgongoni, na mtoto mrefu huinama zaidi kuliko wenzake. Lusia alikua mpaka akafika futi sita na inchi tatu. Shuleni walimtungia kibwagizo cha vina, kwamba yeye ni mrefu, ni mrefu, na zaidi ya urefu hana kitu.

Usiku, wakati alipotakiwa awe amelala, alijifunika blanketi na kuangalia mpira wa kikapu kwenye televisheni. Mchezaji aliyemshika moyo ni Oscar Robertson. Nimelifikiria sana lile blanketi. Binti wa Kimarekani mweusi katika Mississippi ya miaka ya 1960 anaangalia kazi ya wanaume kwa siri, na hakuna mwanamke hata mmoja kwenye kioo kile anayeweza kumwonyesha kwamba urefu wake una matumizi. Aliyatafuta matumizi hayo mwenyewe. Katika shule ya sekondari ya Amanda Elzy, mjini Greenwood, kuna mchezo aliofunga pointi 46 peke yake.

Alipomaliza shule alifikiria kwenda Alcorn State, chuo chenye historia ndefu ya kusomesha watu weusi. Alcorn hakikuwa na timu ya wanawake. Delta State, chuo cha mjini Cleveland, Mississippi, ndiyo kwanza kilikuwa kinaianzisha yake, na akashawishika kwenda huko, ambako alikuwa mchezaji pekee mweusi kikosini.

Hapa hadithi ina mtu mwingine, na kwangu mimi huyu wa pili amekuwa muhimu karibu sawa na wa kwanza.

## Sare zilizochomwa moto

Margaret Wade, kocha aliyempokea Lusia, alikuwa na umri wa miaka 60 timu ilipoanza mwaka 1973. Naye alikuwa amesoma Delta State na kuichezea timu yake ya wanawake, mpaka mwaka 1932 chuo kilipoivunja kwa maelezo kwamba mpira wa kikapu ni mchezo mzito mno kwa mabinti. Wade na wenzake walilia, kisha wakazichukua sare zao wakazichoma moto.

Nilipoisoma habari hiyo nilisimama kidogo. Mtu anayechoma sare yake amekwishaelewa kwamba hakuna msimu ujao. Wade akawa mwalimu, akafundisha mpira katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, akaacha ukocha, akarudi chuoni kwake kama mhadhiri. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho la Marekani, na mwaka uliofuata chuo kilekile kilichomnyang'anya mpira kikamwomba aufufue.

Kati ya moto ule na ombi lile ilipita miaka 41.

Kwa hiyo Lusia alipoingia kwenye ukumbi wa mazoezi, aliyekuwa anamsubiri pale hakuwa kocha tu. Alikuwa mwanamke aliyewahi kuuliza swali la mpwa wangu, "halafu?", na ambaye alikuwa ameishi miongo minne bila kujibiwa. Sijui kama wawili hao waliwahi kukaa wakalizungumza jambo hilo. Ninachojua ni walichokifanya.

Mwaka wa kwanza Delta State ilishinda michezo 16 na kupoteza miwili. Msimu wa 1974–75 haikupoteza hata mmoja kati ya 28, na katika fainali ya taifa iliinyuka Immaculata 90 kwa 81. Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania, kilikuwa kimelibeba kombe miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1976 walikutana tena fainali, Delta State ikashinda 69 kwa 64; mwaka 1977 ikaifunga Louisiana State 68 kwa 55. Katikati ya misimu hiyo ilishinda michezo 51 mfululizo. Mara zote tatu mchezaji bora wa mashindano alikuwa Lusia.

Alicheza nafasi ya senta, mgongo kwa goli. Huo ni mchezo usiopendeza sana kwa mtazamaji wa leo aliyezoea mipira ya mbali na vyenga vya katikati ya uwanja. Unaomba mpira ukiwa umemwegemea mlinzi, unaupokea juu ya kichwa chake, unageuka, unaugusisha ubaoni. Ukirudi, unaufuata tena. Kazi ya senta kwa sehemu kubwa ni kwenda kuchukua kile ambacho wengine wamekikosa, na Lusia aliifanya kwa miaka minne: pointi 2,981, ribaundi (yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 1,662, wastani wa pointi 25.9 na ribaundi 14.5 kwa mchezo, ushindi 109 dhidi ya vipigo sita. Mwaka 1977, ndani ya Madison Square Garden, New York, alifunga pointi 47 dhidi ya Queens College. Na kule chuoni walimvika taji la malkia wa sherehe ya mwaka, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kulivaa.

## Montreal, bila sisi

Sisi huku Montreal ya 1976 tunaikumbuka kwa jambo jingine. Ndiyo Olimpiki tuliyoisusia. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Tanzania ikawa mstari wa mbele kukataa kukaa uwanja mmoja na New Zealand, na nchi nyingi za Afrika zikafuata. Filbert Bayi hakukimbia. Mbio za mita 1,500 zilizosubiriwa na ulimwengu mzima, yeye na John Walker wa New Zealand bega kwa bega, hazikuwahi kufanyika, na Walker akachukua dhahabu. Wazee wetu waliyazungumza hayo kwa fahari na kwa uchungu ndani ya sentensi moja.

Kwa sababu hiyo, nadhani, wengi wetu hatukuona kilichotokea Julai 19 ya mwaka ule. Mpira wa kikapu wa wanawake ulikuwa unachezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Marekani ilicheza na Japani, na pointi za kwanza katika historia ya mashindano hayo zilifungwa na mkono wa Lusia Harris, jezi namba 7.

Marekani ilipoteza mchezo huo, 84 kwa 71. Watu huliacha hilo wanaposimulia, na mimi pia nilikuwa naliacha. Ilishinda mitatu, ikapigwa na Wasovieti 112 kwa 77, wakiwa na Uljana Semjonova, Mlatvia mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili ambaye mbele yake hata Lusia alionekana mtu wa kawaida. Wakarudi nyumbani na medali ya fedha. Lusia ndiye aliyeongoza kikosi kwa pointi na kwa ribaundi, katika timu iliyokuwa na Ann Meyers, Nancy Lieberman na Pat Head, ambaye baadaye dunia ilimjua kama kocha Pat Summitt.

Angeweza kurudi Moscow mwaka 1980 kuitafuta dhahabu? Mwaka huo waliosusia walikuwa Wamarekani. Sisi tulikwenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Sipendi sana kuyapima mambo haya mawili kwenye mizani moja, lakini nimeshindwa kutoyaweka jirani: mwanariadha aliyenyimwa mwaka 1976 alipata nafasi nyingine, na aliyeng'ara mwaka 1976 hakuipata.

## Namba 137

Sasa nifike kwenye ile siku moja.

Juni 1977 ilifanyika drafti ya NBA. Simaanishi drafti ya vizibo vya soda tunayoicheza barazani. Hii ni shughuli ambayo timu hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. New Orleans Jazz, katika raundi ya saba, walimtaja Lusia Harris. Alikuwa wa 137. Wapo wanaume waliotajwa baada yake. Mwaka 1969 San Francisco Warriors walikuwa wamemtaja Denise Long, msichana wa shule ya sekondari ya Iowa, lakini ligi iliufuta uteuzi huo. Wa Lusia haukufutwa.

Alikuwa na miaka 22, ameolewa miezi michache kabla, na alikuwa mjamzito. Aliwaambia hapana. Hakwenda hata kwenye majaribio.

Kwa miaka mingi nimeisimulia sehemu hii kwa sauti ya masikitiko kidogo, kama mtu anayesimulia kuhusu ndugu aliyepata viza akaogopa ndege. Sikuwahi kulitamka neno "woga," lakini lilikuwa ndani ya sauti yangu, na mpwa wangu alilisikia. Aliposema "Hakwenda?" alikuwa ananirudishia sauti yangu mwenyewe.

Kilichonigeuza ni kitu kidogo sana. Nilikuwa naipitia orodha ya drafti ile, jina baada ya jina, usiku, bila kutafuta lolote hasa. Baada ya namba 137 kuna 138, na baada ya 138 kuna 139, raundi ileile ya saba. Namba 139 Kansas City Kings walimchagua bingwa wa dekathloni wa Olimpiki ya Montreal. Mtu wa kuruka viunzi, kutupa kisahani na kuruka kwa upondo, ambaye katika mwaka uliotangulia alikuwa sura inayojulikana kuliko zote katika michezo ya Marekani. Mpira wa kikapu haukuwa kazi yake.

Niliisoma mistari hiyo miwili mara kadhaa.

Nyota wa Montreal, kisha nafasi moja, kisha nyota mwingine wa Montreal. Lusia mwenyewe alisema alidhani ni mbinu ya kutafuta kuandikwa magazetini, na mimi nilikuwa nayachukua maneno hayo kama unyenyekevu wa mtu wa kijijini. Hayakuwa unyenyekevu. Alikuwa anaisoma orodha kwa usahihi kuliko walioiandaa. Raundi za mwisho za drafti ya enzi zile zilikuwa mahali pa kujaribu bahati na pa kufanyia mizaha, na wengi waliochaguliwa huko hawakuvaa jezi ya NBA hata dakika moja.

Ushahidi wa pili ulikuja miaka miwili baadaye. Mwaka 1979 Ann Meyers, mwenzake wa Montreal, alisaini mkataba wa dola 50,000 na Indiana Pacers, akaenda kwenye majaribio, akacheza na wanaume kwa siku tatu, kisha wakamwambia asante. Meyers hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alikuwa miongoni mwa bora kabisa waliowahi kuushika mpira ule. Namheshimu kwa kwenda. Ila baada ya kumsoma yeye, siwezi tena kusema kwamba Lusia aliufunga mlango uliokuwa wazi.

Na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mimi nilikuwa nalitumia jina la Lusia Harris kama Jazz walivyolitumia: kama kioja. "Mnajua kuna mwanamke aliwahi kuchaguliwa NBA?" Watu hushangaa, nami hufurahia mshangao wao. Ubingwa wa taifa mara tatu, kikapu cha kwanza cha Olimpiki, miaka minne ya kupigwa viwiko chini ya goli, vyote vinakuwa utangulizi wa siku ambayo yeye hakufanya kitu chochote zaidi ya kukataa.

## Mahali pa kwenda

Basi swali lililobaki ni lile la kwenye ngazi za Upanga. Halafu?

Mwaka 1977 hakukuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani. Naandika sentensi hiyo na kuona jinsi inavyopita upesi machoni, kwa hiyo nairudia kwa njia nyingine: bingwa mara tatu, mwenye medali ya fedha, mwenye miaka 22 na mwili uliokuwa ndiyo kwanza unakomaa, alimaliza masomo na hapakuwa na timu yoyote nchini mwake iliyoweza kumwajiri acheze mpira. Ligi ya WBL ilianzishwa mwaka 1978 na kufa mwaka 1981, ikiwa na mishahara midogo ambayo mingine haikuwafikia wenyewe. Lusia aliichezea Houston Angels msimu mmoja, 1979–80, akiwa tayari ni mama. WNBA, ligi ya wanawake iliyokuja kudumu, ilianza mwaka 1997. Yeye alikuwa na miaka 42.

Alisema wazi kwamba hakujutia kuwakatalia Jazz. Lakini alisema pia kwamba kama angekuwa mwanaume, njia ya kwenda mbele ingekuwepo. Kwa muda fulani kauli hizi mbili niliziona zinapingana, nikajaribu kuamua ipi ndiyo ya kweli zaidi. Sasa sioni mgongano. Mtu anaweza kuridhika kabisa na hapana aliyoisema, na bado akaona kwamba hakuwahi kuletewa swali ambalo angelijibu ndiyo.

## Miaka inayorukwa

Alifanya kazi Delta State, akishughulika na kuwapokea wanafunzi wapya na kusaidia kuinoa timu. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1984. Aliinoa timu ya wanawake ya Texas Southern, mjini Houston, kwa miaka miwili. Kisha alirudi Mississippi, akafundisha katika shule za sekondari, wanafunzi wenye mahitaji maalumu miongoni mwao. Alilea watoto wanne: wavulana wawili, Eddie na Christopher, na mabinti mapacha, Christina na Crystal.

Na aliugua. Aligundulika kuwa na bipola, ugonjwa wa akili unaomnyanyua mtu kwa furaha isiyo na breki na kumtupa kwenye kiza ambacho hawezi hata kuamka kitandani. Aliyasema hayo mwenyewe hadharani, bila kujificha, na kwa hilo pekee anastahili heshima, maana hata huku kwetu tunajua jinsi familia zinavyougeuza ugonjwa wa namna hiyo kuwa "malaria iliyopanda kichwani" ili majirani wasiulize zaidi. Sitaki kusema kwamba kukosa ligi ndiko kulikomuuguza. Huo ungekuwa utabibu wa mtunzi wa hadithi. Nasema tu kwamba wakati wa kuugua kwake, jina lililokuwa limejaza ukumbi wa Madison Square Garden halikuwa tena midomoni mwa watu.

Mwaka 1992 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu, ule wa Naismith, Springfield, Massachusetts, yeye na Nera White, wakiwa wanawake wa kwanza kuingia kwa sifa ya uchezaji, na yeye akiwa mwanamke mweusi wa kwanza. Aliyemsindikiza jukwaani ni Oscar Robertson.

Nilipofika hapo nilipiga simu kwa dada yangu. Nilitaka kumweleza kuhusu blanketi na Oscar Robertson, lakini nilijikuta nimemuuliza jambo ambalo katika miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Alipokuwa sekondari alicheza netiboli, namba ya ufungaji, GS, na alifika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Nakumbuka tulipokwenda kumpokea stendi, akiwa na begi la mkoa na sauti imekauka kwa kuimba. Nikamuuliza: ulipomaliza shule, halafu?

"Halafu nini?" alisema. "Halafu maisha." Akacheka. Kisha akanyamaza muda wa kutosha mimi kusikia sufuria ikichemka upande wake. "Mpaka leo nikitoa sukari kwenye kabati la juu nasimama kwa vidole," akasema. "Watoto wananicheka. Wanasema mama anafunga."

Hakuna mmoja wetu aliyetaja mtihani.

## Jumamosi nyingine

Lusia Harris alifariki Januari 18, 2022, Mound Bayou, Mississippi, akiwa na miaka 66. Machi ya mwaka huohuo filamu fupi iliyotengenezwa juu ya maisha yake, ambamo anajisimulia mwenyewe kwa sauti yake, ilishinda tuzo ya Oscar. Miezi miwili.

Wiki iliyopita nilirudi Upanga. Nilimsimulia mpwa wangu hadithi yote, safari hii nikianzia na sare za 1932. Alisikiliza akiwa amekalia mpira. Nilipomtajia namba 139 alitoa mguno. Nilipofika kwenye ugonjwa aliuliza kama alipata dawa, nikamwambia ndiyo, alitibiwa, na akaendelea kufundisha. Nilimkumbusha pia kwamba yeye, tofauti na Lusia, akimaliza shule kuna timu kama JKT Stars na Vijana Queens hapahapa mjini, ingawa wote wawili tunajua kwamba wachezaji wengi wa ligi ya mkoa wanashinda kazini na kuja uwanjani jioni. Hakubisha na hakushangilia.

"Yule kocha mzee," alisema hatimaye. "Alikaa miaka mingapi bila timu?"

"Arobaini na mmoja."

Alihesabu kimyakimya, nadhani alikuwa anajiongezea hiyo 41 kwenye umri wake, kisha akainuka akaenda chini ya goli. Ana zoezi lake la kumalizia siku: anaurusha mpira ubaoni kwa mkono wa kulia, anaudaka bila kuuacha uguse chini, anaurusha kwa wa kushoto, anaudaka, hivyo hivyo mpaka ahesabu hamsini.

Dada yangu alikuja kumchukua kabla hajafika hamsini. Alisimama getini na mkoba wake wa kazini, akatazama. Mpira mmoja uligonga ukingo wa chuma ukamkimbilia. Aliuweka mkoba chini, akauokota kwa mikono miwili, na akasimama palepale bila kupiga hatua hata moja, kama sheria ya netiboli inavyotaka, kisha akainuka kwa vidole na kuurusha juu sana, moja kwa moja kwenye kikapu, kwa sababu netiboli haina ubao.

Haukuingia. Binti yake aliudaka ukiwa bado hewani.